Skana imemeza mawingu yangu

SWALI: Kaka shikamoo. Niko Jinja, nachora picha za riwaya ya rafiki yangu, ya malkia wa majini anayeishi juu kwenye theluji ya Rwenzori. Natumia rangi za maji. Kwa macho ziko poa, nikiskani mawingu yote yanapotea, na karatasi imejikunja kama roleksi, ile chapati ya mayai. Nianze upya?

JIBU: Marahaba. Usianze upya bwana, picha haina kosa. Skana nyingi zinakula rangi nyepesi, sasa wewe skani kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa inchi), zima yale marekebisho ya otomatiki, halafu ingia Krita au GIMP, programu za picha, zote za bure, fungua sehemu ya levo (Levels, pa kurekebisha giza na mwanga) na ule mshale wa nyeusi usogeze ndani kidogo kidogo mpaka ukungu wa mlimani urudi. Mshale wa nyeupe uache, huo ndo unamezaga mawingu.

Karatasi ya printa ya gramu 80 haiwezi maji hata kidogo, tafuta ya gramu 300 uibandike kwenye ubao kwa tepu. Iliyojikunja ilowanishe mgongoni kidogo tu, uilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na usiharakishe kukausha, mimi mvua zilinichosha nikaanika juu ya sigiri, joka langu likaungua mkia.

Kabla ya kuchapa mjini lipia ukurasa mmoja wa majaribio, ile buluu kali ya skrini ikifika kwenye wino wa CMYK, zile rangi nne za mashine ya kuchapa, inafifiaga.