Cú Chulainn hakupanda gari la Diodorus: ushauri kwa wanaoanza Masomo ya Kikelti

Insha za kwanza za mhula zimeingia, na Newgrange ya Ayalandi imo tena. Picha ya ule mviringo wa mara tatu imebandikwa ukurasa wa mbele, na chini yake pameandikwa "sanaa ya Kikelti". Wadogo zetu, kaburi lile la bonde la Boyne lilijengwa mnamo 3200 KK na wakulima wa Zama Mpya za Mawe. Kutoka kwao hadi kwa mafundi wa mwanzo wa La Tène, mtindo wa sanaa ya Zama za Chuma barani Ulaya, mnamo 450 KK, ni zaidi ya miaka 2,700. Fundi huyo wa La Tène yuko karibu zaidi na simu yako kuliko na waliochonga jiwe hilo. Duka la zawadi lina ruhusa ya kuuza mkufu wenye nakshi hiyo kwa jina lolote litakalo. Wewe umekuja kusoma.

Kila Oktoba ni yale yale, kwa hiyo tuyaandike mara moja. Ha C na LT B (alama za vipindi vya Hallstatt na La Tène) mnazijua, orodha ya usomaji mmepewa, na mmeshaambiwa msinukuu tovuti za wauza hirizi.

1. Sentensi inayoanza "Wakelti waliamini kwamba…" inarudishwa bila kusomwa. Wakelti gani? Herodotus anawaweka Keltoi kwenye chimbuko la mto Danube. Wanaisimu wanazungumzia familia ya lugha iliyoainishwa na Edward Lhuyd mwaka 1707. Wanaakiolojia wanaanzia Hallstatt, ambako Ramsauer, meneja wa mgodi wa chumvi, alifukua makaburi karibu 1,000 kati ya 1846 na 1863, kisha wanakwenda La Tène, kando ya ziwa Neuchâtel, palipogunduliwa 1857. Ramani hizi tatu hazilaliani, na hakuna mwandishi wa kale aliyewaita watu wa Ayalandi Wakelti. Basi andika "Waaedui wa mwaka 58 KK" (kabila la Gaulo, Ufaransa ya leo) au "watawa wa Iona" (kisiwa cha Uskoti), halafu endelea.

Sufuria la Gundestrup ndilo mtihani wa jambo hili. Ni la fedha, uzito wake karibu kilo 9, na liliopolewa 1891 katika bwawa la mboji nchini Denmark, likiwa limefumuliwa na vipande vyake kupangwa ndani ya sufuria lenyewe. Watu waliochorwa juu yake wamevaa mikufu mizito na kupuliza tarumbeta ndefu za aina ya Kigaulo, ilhali wataalamu wengi wanaona mkono wa mafundi wa Thrakia, upande wa Bulgaria ya leo. Na yule mwenye pembe za paa? Mnamwita Cernunnos, mungu wa Wagaulo, tangu mstari wa kwanza. Jina hilo limetoka kwenye nguzo ya Paris iliyofukuliwa chini ya Notre-Dame mwaka 1711, tena herufi yake ya kwanza imeharibika. Kwenye sufuria hakuna jina lolote. Katika maelezo ya kitu andika "mtu mwenye pembe, ameketi, miguu imekunjwa". Cernunnos aingie kwenye hoja, baada ya kuthibitishwa.

2. Mnyororo wa gari. Hapa tukae, maana hili ndilo linaloua insha nzuri, na mvivu halifanyi. Hulifanya mwanafunzi aliyesoma vitabu vingi na kufurahi kuona vinakubaliana.

Unaundwa hivi. Diodorus, mwandishi wa Kigiriki (V.29), anasema Wagaulo huenda vitani kwa gari la farasi wawili, mwendeshaji na mpiganaji. Caesar (IV.33) anaeleza jinsi Wabritania walivyotumia magari hayo. Mashariki mwa Yorkshire kuna makaburi ambamo mtu alizikwa na gari lake. Katika Táin Bó Cúailnge, hadithi ya Kiayalandi ya uvamizi wa ng'ombe, shujaa Cú Chulainn anapigana juu ya gari, na Láeg ndiye anayeshika hatamu. Basi: Wakelti walipigana kwa magari, na Táin ni kumbukumbu ya Zama za Chuma. Pete nne, mnyororo mmoja, alama zinasubiriwa.

Sasa vuta pete moja moja. Diodorus aliandika karne ya 1 KK, na mengi anayosema juu ya Wagaulo yanaaminika kutoka kwa Posidonius, mwanafalsafa Mgiriki ambaye maandishi yake yamepotea. Strabo naye alichota humo, na Athenaeus (IV.154), katika habari ya kugombea paja la nyama kwenye karamu, anamtaja Posidonius kwa jina. Kwa hiyo unapoandika "mashahidi watatu wanathibitisha", mara nyingi unaye shahidi mmoja aliyesikika kupitia vinywa vitatu. Ukija kwa Caesar, alipigana Gaulo miaka mingi na magari ya vita hakukutana nayo huko. Anakutana nayo alipovuka bahari. Yaani pete ya pili inaikata ya kwanza: desturi ilikuwa imekufa bara ilhali kisiwani bado ipo.

Makaburi ya Yorkshire ni desturi ya sehemu ile, wala hayawezi kusemea kisiwa kizima. Ndiyo maana gari la Newbridge, karibu na Edinburgh, lilipopatikana 2001 lilizua mjadala: liko mbali na kundi lake. Na Ayalandi, nyumbani kwa Cú Chulainn? Lijamu za farasi zipo tele, nyingine zimepatikana kwa jozi, na jozi ni dalili ya farasi wawili waliofungwa pamoja. Kaburi la gari halijapatikana hata moja.

Imebaki pete ya Táin. Muswada mkongwe zaidi wenye hadithi hiyo, Lebor na hUidre, ni wa mnamo 1100. Máel Muire, mmoja wa wanakili wake, aliuawa Clonmacnoise mwaka 1106. Lugha ya sehemu fulani za hadithi ni kongwe zaidi, labda ya karne ya 8, na hata hapo bado tuko ndani ya monasteri. Mwaka 1964 Kenneth Jackson alitoa muhadhara akisema hadithi za Ulster (kaskazini mwa Ayalandi), Táin ikiwemo, ni dirisha la kutazamia Zama za Chuma, na kwa kizazi kizima dirisha hilo likabaki wazi. Kisha J. P. Mallory akafanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote angeweza kulifanya: akazichukua panga za hadithini na kuzilinganisha na panga zilizotoka ardhini. Za hadithini ni ndefu, zinafyeka, zimepambwa kwa dhahabu na fedha. Za Zama za Chuma zilizopatikana Ayalandi ni fupi, makali yake hayafiki nusu mita. Fedha yenyewe, inayometameta kila ukurasa wa Táin, ni adimu Ayalandi ya wakati huo, na inakuwa nyingi pale Waviking wanapoingia na biashara yao. Shujaa wa kale amevikwa silaha za mabwana wa siku za mnakili.

Tena waandishi wenyewe hawakuficha kitu. Kuna hadithi ambamo mfalme Conchobar anakufa kwa hasira baada ya kusikia kwamba Kristo amesulubiwa. Na mwishoni mwa Táin iliyomo katika Kitabu cha Leinster, mnakili anawabariki kwa Kiayalandi watakaoihifadhi bila kuigeuza, kisha anahamia Kilatini na kusema kwamba mambo mengi humo yeye hayaamini: mengine ni hila za mashetani, mengine utunzi wa kishairi, mengine ni ya kuwafurahisha wajinga. Mtu wa karne ya 12 ameandika tanbihi ya tahadhari, na mwanafunzi wa leo anairuka!

Msomaji wa historia ya pwani yetu amezoea hali hii. Tarehe ya Kilwa, iliyotungwa karne ya 16, inasimulia Washirazi wa karne ya 10, na mwanahistoria makini huuliza kwanza nani alikuwa akidai kiti ilipoandikwa. Liulize swali hilo Ulster pia. Táin haitupwi. Ni ushahidi wa kiwango cha juu wa namna wasomi wa Ayalandi ya Enzi za Kati walivyoutaka uwe wakati wao uliopita, na insha juu ya hilo hupata alama nzuri kuliko ya magari.

Dawa yake ni jedwali, kabla ya kuandika aya hata moja. Safu tano: ushahidi wenyewe, wakati unaozungumziwa, wakati ulipotungwa, wakati wa nakala tuliyo nayo, mahali na kwa ajili ya nani. Kitu cha ardhini kinapata safu zile zile, ila badala ya nakala andika kilivyopatikana: kaburi, bwawa, mto, au mnada. Mistari miwili ikipishana kwa zaidi ya karne mbili, neno "kwa hiyo" haliruhusiwi kati yake. Chukua Emain Macha, huko Ulster. Ardhini kuna jengo la mviringo lenye kipenyo cha kama mita 40, nguzo yake ya katikati ilikatwa mnamo 95 KK, likajazwa mawe, likachomwa, likafunikwa kwa mapande ya udongo na nyasi. (Hapo hapo palipatikana fuvu la nyani wa Afrika Kaskazini. Jinsi alivyofika huko ni insha nyingine, na karibu mjaribu.) Kwenye miswada, Emain Macha ni makao ya Conchobar. Ni sentensi mbili. Ziache ziwe mbili.

3. Kaboni 14 haitakuokoa kati ya 800 na 400 KK. Mchoro wa kusahihishia tarehe umelala bapa katika karne hizo, kwa hiyo sampuli ya Ha C na ya Ha D zinaweza kurudi na jibu moja pana. Tafuta pete za miti: kaburi la Magdalenenberg, Ujerumani, ni 616 KK, barabara ya mbao ya Corlea, Ayalandi, ni 148 KK. Mbao zikikosekana, tazama mabizimu, yaani pini za kufungia nguo.

4. Bizimu husomwa mguuni. Mguu uliokunjwa kurudi nyuma na kuachwa huru: La Tène ya mwanzo. Ukifungwa kwenye upinde: ya kati. Mguu na upinde vikiwa kipande kimoja: ya mwisho. Otto Tischler aliliona hili mwaka 1885 na bado linafaa, mradi usitegemee bizimu moja kutoa tarehe ya kaburi zima, maana watu huzikwa na vitu vya bibi zao.

Mitindo ya Paul Jacobsthal ya mwaka 1944 ni mitindo. "Waldalgesheim", mmoja wao, si jina la karne. Chora kwa penseli kabla ya kupiga picha, na njoo na bikari, kwa kuwa nakshi nyingi za Britania zilipangwa kwa bikari. Ukitafuta vitovu vya duara utaona fundi alianzia wapi. Uliza kuhusu upande wa nyuma. Ngao ya Battersea, iliyotolewa mto Thames mwaka 1857, ni ganda la bronzi nyembamba lenye vioo vyekundu, na ubao wa nyuma umeoza. Anayeandika "ngao imara ya vita" hajauliza unene wake.

Fundo zilizosukwa, zile za kwenye tatuu za mikononi, hazikutoka La Tène. Kitabu cha Durrow, muswada wa Injili, kinakupa somo lote kwa kurasa mbili: folio 3v ina mizunguko iliyorithiwa kutoka La Tène, na folio 192v ina wanyama waliosokotana kama kwenye vito vya Waanglo-Saksoni. Ndiyo sababu walimu husema "sanaa ya Visiwani" wanapofika kwenye miswada ya Durrow, Lindisfarne na Kells. Na bizimu la Tara halikutoka Tara. Lilipatikana Bettystown mwaka 1850, na sonara aliyelinunua akalipa jina la kifalme ili nakala zake ziuzike.

5. Methali ya madruidi (makuhani wa kale wa Gaulo na Britania) ikiwa tamu mno, mtafute Iolo Morganwg. Fundi mawe huyu wa Welisi (1747–1826) alikuwa bingwa wa kughushi. Aliongoza mkutano wa kwanza wa Gorsedd, baraza la washairi wa Welisi, juu ya kilima cha Primrose, London, mwaka 1792, kisha akawaachia wanaokuja miaka mia ya kusafisha uzushi wake.

6. Kiayalandi cha Kale kianze wiki ya kwanza, dakika 40 kila siku. Mtakwama kwenye kamusi kabla ya kukwama kwenye sarufi. Neno hubadilika mwanzo wake, kwa hiyo *chenn* litafute kwenye *cenn*. Kitenzi hubadilika zaidi: *ní·tabair* hukipati kwenye herufi t ukitafuta kidahizo, kwa sababu kiko chini ya *do-beir*. Ondoa kikanushi, rudisha kiambishi, ndipo ufungue eDIL, kamusi ya mtandaoni, ambayo ni bure. Picha za miswada ziko kwenye tovuti ya ISOS, pia bure. Sarufi ya Thurneysen ni ya kurejea, si ya kuanzia. Aliyeianza ukurasa wa 1 tulimwona tena Pasaka, amekonda.

7. Tarehe za Kumbukumbu za Ulster ziko nyuma kwa mwaka mmoja hadi 1013. Wahariri wa kisasa husahihisha, vitabu vya zamani havisahihishi, na mwanafunzi hunakili vyote viwili ndani ya aya moja. Mfano mzuri ni wizi wa Kells. Injili kubwa ya mtakatifu Colum Cille, ambayo wengi wanaamini ndiyo Kitabu cha Kells, iliibwa usiku kutoka kanisa la mawe. Ilipatikana baada ya miezi miwili na siku ishirini, dhahabu yake imebanduliwa, imefunikwa kwa bonge la udongo na nyasi. Muswada unasema 1006. Mwaka wenyewe ni 1007. Katika matini andika 1007, kwenye tanbihi weka mwaka wa muswada pamoja na jina la chapa uliyotumia, na usiseme "baadhi ya wataalamu wanatofautiana", kwa sababu hapa hakuna anayetofautiana na mwenzake.