Muache mwanao akae na babu wa jirani

Juzi kuna dada kanitumia meseji, mwanae wa miaka saba akitoka shule tu anakimbilia kwa mzee wa jirani, anauliza amkataze? Dada yangu, usimkataze. Mimi nilimkataza wangu na mpaka leo inaniuma.

Tunakaa Magomeni, nyumba ya pili kuna babu wa miaka 88. Mwanangu kila jioni simuoni, kumbe yuko kibarazani kwa babu anafundishwa bao. Mashimo 32, moja la kila mchezaji linaitwa nyumba, kete 64 za komwe, zimeshikwa miaka mpaka zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Yani mtoto aliyekuwa analia akiona hesabu akaanza kuniuliza yeye, mama, kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, jumla ngapi? Huku wanacheza babu anamsimulia usiku ule wa Desemba 1961 bendera ya Mwingereza inashuka ya Tanganyika inapanda, basi mtoto akirudi anatusimulia kama alikuwepo.

Siku moja karudi magharibi imeshaadhiniwa. Nikapandwa na hasira, nikamfuata mzee mbele za watu, nikamwambia mwanangu ana masomo, hana muda wa kukaa na wazee. Hakunijibu. Aliokota kete moja moja, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaingia ndani.

Baada ya wiki mbili nikaenda na kilo ya sukari kuomba radhi, akasema yameisha mwanangu. Mtoto akarudi kucheza, ila mimi babu ananiitikia salamu tu, ule utani wetu wa zamani hakuna.

Sasa wazazi wenzangu, nenda wewe kwanza ukamwamkie huyo mzee, ujue anaishi na nani, wakae kibarazani unapowaona sio chumbani, na mtoto apangiwe saa ya kurudi. Basi! Kila siku tunalalamika watoto wamezama kwenye simu, halafu mtu mwenye muda wa kukaa nao tunamfukuza, jamani tunataka nini? Mzee anashinda peke yake kutwa, wanae wako makazini, mtoto akimpigia shikamoo ya kutulia siku yake imekamilika.

Jumamosi mwanangu kamfunga babu kwa mara ya kwanza. Nikasikia makofi, halafu sauti ya babu, "Mama, njoo umuone mwanao, kaila nyumba yangu yote!" Tangu siku ile niliyomfokea hakuwahi kuniita. Nikaacha mboga jikoni nikatoka mbio.