Wasomaji wamenuna nimemuua Mama Zuhura, nimfufue?

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mimi ni kijana wa Mbagala, naandika stori ya Spider-Man ila nimemleta Dar, anaishi Kariakoo kwa mama ntilie mmoja anaitwa Mama Zuhura, kamchukua kama mwanae. Natuma kwenye grupu la WhatsApp kila Jumatano na Jumamosi, bure. Sehemu ya 11 ilikuwa mafuriko ya Jangwani, Spider-Man kaokoa abiria wa mwendokasi ila Mama Zuhura kasombwa na maji akafa. Aisee dada nilitukanwa. Wakasema nimeua stori, Spider-Man gani anashindwa kumuokoa mama yake. Nikaogopa, sehemu ya 12 nikaandika kumbe alizimia tu, wavuvi wamemuokota kule Salenda. Sasa ndio wamenuna kabisa, wengine wamelefti grupu. Kuna kocha wa uandishi anasema nimpe elfu thelathini aniletee watu 200 wa kukomenti vizuri, halafu kila sehemu niwapigishe wasomaji kura nani afe nani apone. Nifute nianze upya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo elfu thelathini irudishe mfukoni kwanza ndio tuongee.

Swali lako nalipata karibu kila wiki, linabadilisha nguo tu. Wiki iliyopita alikuwa binti kamuozesha Batman kwa mdada wa Tandale, kabla yake jamaa kamfanya Superman akose kazi akaendeshe bodaboda, na wote mwisho wao ni huu huu, wasomaji wamekasirika nibadilishe nini. Na kinachonichosha ni kwamba mkija kuuliza mmeshabadilisha. Hakuna hata mmoja anayekuja akiwa bado hajaivuruga.

Nilikuomba komenti za sehemu ya 11, ukanitumia skrinishoti zote 61, nashukuru, wengi huwa wananitumia zile za matusi tu ili niwaonee huruma. Nimezisoma Jumapili hapa Sinza mpaka chai ikapoa. Nyingi tunazijua, "daah umezingua", "RIP Mama Zuhura", "mwandishi una roho mbaya", "arosto imeniisha leo leo", mmoja kaandika ukurasa mzima kumbe anagombana na mtu mwingine kuhusu muvi. Halafu katikati pale kuna mtu hana hata picha kaandika hivi: "Toka Fire mpaka Magomeni kapita juu kwa juu, kamba kashikiza wapi?" Wewe ukamjibu kwa kale kakatuni ka kucheka machozi.

Hapo ndipo nilitamani ungekuwa karibu nikuzabe kibao. Kati ya komenti 61 hiyo ndio ilikuwa na ugonjwa wako mzima, na ndio pekee uliyoifanyia utani.

Tuende taratibu. Huyu Spider-Man alizaliwa kwenye katuni mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko, kijana wa New York, na kuning'inia kwake kote kunategemea mji wenye maghorofa marefu yaliyobanana. Utando haushiki mawingu. Ukimleta Dar, Posta atapeta, Kariakoo atapeta sana tu maana siku hizi pale ghorofa zinapumuliana puani. Ila akishapita Fire anashuka Jangwani, na Jangwani ni bonde, kuna barabara, kuna nguzo za taa, na siku ya mafuriko kuna Msimbazi imetoka kwenye kingo zake. Wewe umeandika "akarusha utando mmoja akatua Magomeni Mapipa". Mmoja! Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni pale anajua hakuna cha kushika, na wasomaji wako ni watu wa Dar, wamekaa sana kwenye hiyo foleni.

Kibaya zaidi, sheria uliiweka mwenyewe. Sehemu ya 4 umeamua utando wako uwe wa vichupa vya kwenye kifundo cha mkono, kama kwenye katuni, dawa anaichanganya mwenyewe na inaisha, sio ule wa muvi ya 2002 unaotoka mwilini wenyewe. Kuna watu wamemjua Spider-Man kwenye kibanda umiza kupitia hiyo muvi, na ndio maana grupu lako lilikuwa linabishana kila siku, kila mtu anakuja na Spider-Man wake toka nyumbani. Hiyo ndio shida ya shujaa wa kuazima, msomaji anamjua kabla yako. Lakini wewe uliwamaliza vizuri, ile pale usiku anachanganya dawa kwenye sufuria la maharage la Mama Zuhura, asubuhi maharage yananata kwenye dari, mama anamfukuza na mwiko mpaka barazani na wateja wanaangalia. Nimecheka peke yangu. Baada ya pale kila mtu, awe wa katuni awe wa muvi, alikubali kwamba kwenye stori hii dawa inaisha.

Sasa sehemu ya 11 anapaa bonde zima bila kushika kitu, anavuta basi la mwendokasi lenye watu wote mle ndani, hakuna kichupa hata kimoja kilichoisha, halafu mama yake yuko hatua tatu mbele, ndio unaandika "nguvu zikamwishia". Msomaji hawezi kukwambia umevunja kanuni ya sehemu ya 4, yeye sio mhariri, yuko kwenye daladala anasoma simu imebaki chaji asilimia sita. Anachojua ni kwamba kuna kitu kimemuuma na hakikuwa cha haki, na kitu cha mwisho alichokiona ni maiti, basi anasema mrudishe mama. Panapouma kapajua, ila dawa anayoitaja sio yake kuitaja.

Wewe ukaenda kuinunua hiyo dawa mbio mbio. Kwa hiyo sasa hivi kwenye stori yako dawa ya utando haiishi na maji ya mafuriko hayaui. Sehemu ya 13 umuweke nani kwenye hatari watu waogope? Ndio maana wamelefti. Wangenuna kwa kifo tu wasingeondoka, mtu aliyenuna anabaki akusubiri Jumamosi akutukane vizuri.

Na usidhani ni mambo ya Mbagala haya. Mwaka 1973 huyo huyo Spider-Man, toleo la 121, mpenzi wake Gwen Stacy anadondoshwa kutoka juu ya daraja, yeye anarusha utando anamdaka miguu, na pembeni ya shingo ya yule dada wamechora neno moja dogo la mlio wa kitu kuvunjika. Ukiangalia haraka hulioni. Wasomaji walikuja juu, na kilichobishaniwa sana kilikuwa swali la kifundi kama la yule jamaa yako, kilichomuua ni kudondoka au ni ule utando kumsimamisha ghafla? Toleo la 125, kwenye ukurasa wa barua, Marvel wenye hiyo katuni wakajibu kwamba ni kusimamishwa ghafla, utando ndio uliovunja shingo. Yani walichukua swali la msomaji kwa uzito wakalijibu, na jibu likakifanya kile kifo kiume zaidi, kwa sababu aliyejaribu kuokoa ndiye aliyeua.

Ila kelele hazikuisha, na mwaka 1975 wakamrudisha Gwen akiwa kloni, yani nakala yake ya kutengenezwa maabara. Kwenye stori ile ile wakatengeneza na kloni wa Spider-Man mwenyewe. Huyo kloni wa pili wakaja kumfufua mwaka 1994 na mpaka 1996 wasomaji walikuwa wanavutana nani ni Peter Parker, yani Spider-Man, wa kweli na nani feki. Walipoanza walitaka tu kutuliza watu wenye kilio cha haki, mwisho wakajikuta na fundo lililowachukua miaka kulifungua. Wewe umeanza na wavuvi wa Salenda.

Tuje kwenye kura, maana huyu kocha wako anadhani kagundua kitu. Mwaka 1988 DC, wale wenye katuni za Batman, waliwapa wasomaji namba mbili za simu, moja ya Robin, msaidizi wa Batman, apone, nyingine Robin afe, senti 50 ya dola kwa kila simu. Robin wa wakati huo alikuwa Jason Todd, wasomaji wengi walikuwa hawampendi. Kura za afe 5,343, za apone 5,271. Kafa kwa tofauti ya simu 72. Mhariri wao Dennis O'Neil alikuja kusema baadaye kwamba alisikia kuna mtu mmoja alitega kompyuta yake iwe inapiga tu simu ya afe. Kama ni kweli au sio kweli mimi sijali, ninachokuonyesha ni kwamba ukishahesabu vichwa huwezi kujua kichwa gani ni mtu. Na mwaka 2005 Jason Todd karudishwa hai! Zile simu zaidi ya elfu kumi, pamoja na hela za watu, zikawa za bure.

Nimewahi kufanya kazi kwenye gazeti moja la hadithi, silitaji, bosi alikuwa anahesabu meseji za wasomaji kila Ijumaa kama mtu anahesabu mauzo ya duka. Zikizidi za "amuache" tunaambiwa amuache, wiki inayofuata zikizidi za "amrudie" tunaambiwa amrudie. Mwandishi wetu mmoja mhusika wake aliachika na kurudiana mara tatu ndani ya miezi miwili, mara ya nne mwandishi mwenyewe akaondoka, kaenda kufungua duka la vipuri, na mpaka leo ukimgusia stori anabadilisha mada.

Hawa makocha sasa. Nitasema polepole nisije nikatukana. Watu 200 wa elfu thelathini sio watu, ni mtu mmoja au wawili wenye laini nyingi na simu zilizopasuka vioo, kazi yao ni kuandika "nice story" na "lete mzigo admin" kwenye stori ambayo hawajaifungua. Kuna dada mmoja alinunua kabla hajanifahamu, akawa anafurahi komenti zinafika mia, mpaka akashindwa kujua msomaji wake ni nani. Nikamwambia aulize kwenye grupu swali moja dogo, kwenye sehemu ya 3 yule mbwa wa mlinzi anaitwa nani. Wakajibu tisa. Tisa! Wengine wakaandika "nice story". Sasa fikiria yule mtu wako wa kamba yuko katikati ya mia mbili hao, ungemuona? Ulikuwa nao 61 tu na ukamcheka.

Na wanavyowafundisha ni vile vile, ua mtu kila sehemu ya tano, katisha pabaya, weka siri ya mimba, kama vile mwandishi ni mpishi wa chipsi, mafuta yakichemka tumbukiza. Watu wakikomenti sana wanasema umefaulu, wakinyamaza wanasema umefeli. Kunyamaza nako kuna aina zake. Angalia kwenye taarifa za meseji nani kafungua na kafungua saa ngapi. Mtu anayesoma saa kumi na moja alfajiri kila Jumatano kabla hajapanda daladala na hajawahi kuandika hata herufi moja, huyo ni wako kabisa, siku akiacha kusoma ndio ushtuke.

Najua pia hatua yao inayofuata kwa sababu nimeiona mara nyingi, utaambiwa sasa watu lipieni buku mpate mpaka mwisho. Hapo simama kabisa. Spider-Man ni wa Marvel, na Marvel ilinunuliwa na Disney mwaka 2009. Sisi tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na tuko kwenye mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, toka 1994, kwa hiyo kazi ya mtu wa nje ina ulinzi hapa pia. Kuwaandikia washikaji bure ni jambo moja, kumuuza shujaa wa watu kwa M-Pesa ni jambo jingine na kocha hatakuwepo siku ukiulizwa. Kama unataka hela basi rudia zile skrinishoti uone watu walimlilia nani. Nimehesabu, waliomtaja Spider-Man ni wachache. Wote wanamlilia Mama Zuhura, na Mama Zuhura hajatoka New York, ni wa kwako, mwiko wake na kila kitu. Hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa unatafuta nani kakutukana.

Usifute stori. Futa sehemu ya 12 tu, waambie kwenye grupu ulikosea na unairudia ya 11, watu wanasamehe mwandishi anayesema hivyo kuliko unavyodhani. Mama afe. Ila huyu kijana toka Fire ashuke kwa miguu, maji yamfike kiunoni, kwenye nguzo za taa arushe utando mfupi mfupi, na kila akirusha msomaji ahesabu vichupa vilivyobaki. Cha mwisho akimalizie kwenye basi. Halafu ndio amuone mama.

Nitumie kabla hujairusha Jumamosi. Na yule wa kamba mfuate inboksi umuombe radhi, halafu muulize anafanya kazi gani, maana nahisi ni fundi ujenzi.