Watoto, mbwa na mahemezi: vitatu hivi usivifunge safari moja

Kwetu siku ya mapumziko ina kazi tatu zisizokwepeka: mbwa atembezwe, watoto watolewe nyumbani, na mahemezi ya wiki yafanyike. Ushauri wangu kwa familia yenye siku kama hiyo ni kwamba msijaribu kuzimaliza zote kwa safari moja. Ukipiga hesabu ya haraka unaona muda umeokoka: mbwa nyuma na watoto, mtembee kidogo, mkirudi mpitie dukani. Lakini mkishafika dukani mbwa hana pa kukaa, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Wengi humwacha garini. Gari likiwa juani, joto la ndani hupanda kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu, na nusu saa ikitimia limepanda karibu nyuzi 19. Kushusha kioo kidogo hakupunguzi kitu cha maana. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na hewa anayoivuta ikishakuwa ya moto kuhema hakumfai tena. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Wale wenye pua bapa, kina pug na bulldog, huzidiwa mapema zaidi. Ndiyo maana kauli ya "naingia mara moja tu" hunitia hofu. Foleni ya kulipia haimjui mwenye haraka.

Kumfunga nje ya mlango nako sikushauri. Anaweza kuibwa, lakini kinachonihangaisha zaidi ni mtoto wa watu atakayemkimbilia kumkumbatia. Mbwa aliyefungwa hana njia ya kujitoa. Akishikwa na woga, kilichobaki ni meno, hata awe mpole namna gani.

Kwa hiyo mbwa wetu hupewa zamu yake, na zamu hiyo ni ya kwanza, asubuhi jua halijakolea. Ikitokea tumechelewa, naweka mgongo wa kiganja changu juu ya lami kwa sekunde 7. Nikishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi, basi tunapita kwenye nyasi au tunangoja jioni.

Katika matembezi hayo, mwacheni anuse. Naona watu wengi wakimburuta mbwa kana kwamba wamekodiwa kumaliza barabara. Mbwa anaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300 puani, wakati binadamu tunakadiriwa kuwa na milioni 6 hivi. Wa kwetu hufika kwenye nguzo fulani ya taa, akanusa chini kabisa, akapanda taratibu hadi usawa wa kichwa chake, akazunguka upande wa pili na kuanza upya, masikio yametulia, mkia haujongei. Ukimsubiri amalize, hurudi nyumbani akajilaza mwenyewe. Akikimbizwa njia nzima, mchana kutwa anawafuata watoto akitaka mchezo.

Watoto hupenda kushika kamba, na wapewe nafasi, ila kwa utaratibu. Sisi humfunga mbwa kamba mbili: moja ya mtoto, nyingine ya mtu mzima, na hii ya pili ndiyo inayomzuia kweli. Kamba haizungushwi kifundoni mwa mkono, kwa kuwa mbwa akichomoka ghafla mtoto huburutwa nayo. Mimi hupendelea kamba ya kawaida ya mita 2 hivi kuliko ile inayojikunja yenyewe ndani ya kishikio, maana uzi wake mwembamba hukata ngozi vibaya.

Kinyesi kiokotwe papo hapo. Mayai ya minyoo ya Toxocara, ambayo huweza kuwadhuru watoto, huhitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo ukiokota mapema umekata mzunguko wake. Na kabla ya yote hayo, chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Baada ya mbwa ni zamu ya watoto. Hapa sina mengi: watoke wakiwa bado na nguvu, wachague wenyewe waendako, na msiwaambie "tutapitia mahali kidogo". Mtoto anajua mtoko wake unapoibiwa.

Mahemezi yawe ya mwisho, kwa sababu ya vitu vya baridi. Nyama, samaki na maziwa havifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Mimi huanza na sabuni na vyakula vikavu, vya baridi navichukua nikielekea kulipa, na nyama mbichi inapewa mfuko wake peke yake. Kuanzia hapo ni moja kwa moja nyumbani.

Mkifika, mifuko isiwekwe sakafuni hata kwa dakika moja. Chokoleti, vitunguu, zabibu mbichi na kavu, pamoja na bazoka zilizotiwa utamu wa zailitoli (xylitol) badala ya sukari, vyote ni sumu kwa mbwa, na pua ile niliyoisimulia haihitaji kualikwa. Mwanangu mkubwa ndiye msimamizi: mifuko juu ya meza kwanza, viatu baadaye. Mbwa akiwahi kula kimojawapo, mpigie daktari wa wanyama hapohapo, pakiti ikiwa mkononi ili umsomee kilichomo na kiasi kilicholiwa. Usimtapishe kabla hujaambiwa, na usingoje dalili: zabibu huweza kuharibu figo huku mbwa akionekana mzima kabisa saa za mwanzo.