Kabla ya kuongeza mtishamba mwingine wa kuchangamsha akili

Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu, kalamu mkononi, mstari uleule nimeupigia mstari mara mbili, na nikifunga kitabu sijui nimesoma nini. Kama hali hiyo unaijua, huenda nawe umeshaambiwa utumie mitishamba akili ichangamke. Niliitumia karibu mwaka mzima. Ipo iliyonifaa, na ipo ambayo simruhusu mdogo wangu aiguse.

Nianze na majani ya chai, maana watu husahau kwamba nayo ni mtishamba. Yana kafeini, inayozuia kazi ya adenosini, kemikali ambayo hujikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi. Kwa hiyo uchovu hauondoki, unafichwa tu. Chai ina pia theanini, ambayo hutuliza, na nadhani ndiyo sababu ilinikalisha kitako kazini wakati kahawa ilinitetemesha vidole. Kikombe cha kahawa huwa na kafeini ya miligramu 95 hivi, cha chai karibu nusu yake. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, mjamzito 200. Kokwa za kola na guarana (mbegu za mmea wa Amazoni) nguvu yake ni kafeini hiyohiyo, basi ukinywa na kahawa juu yake, jumlisha vyote.

Kosa langu kubwa lilikuwa kikombe cha saa kumi na moja jioni. Muda wa saa tano hivi ukishapita tangu unywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Nilikuwa napanda kitandani saa nne usiku, moyo unadunda, nagaagaa hadi usiku wa manane, asubuhi kichwa kizito, naongeza kikombe. Nilipoacha kunywa baada ya saa sita mchana, usingizi ulirudi, na umakini kidogo ukaja nao.

Ginko, majani ya mti wa Uchina yanayouzwa kama dawa ya kumbukumbu, sikuona faida yake. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2008, kwa wazee zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba haikuwakinga na maradhi ya kusahau. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, aiogope kabisa, kwani inaweza kumletea kuvuja damu. Miraa nayo hukesha na mtu, kisha kesho yake inamwacha hoi. Efedra, mmea mwingine wa kuchangamsha, iachwe kabisa: Marekani waliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004 kwa madhara yake kwa moyo na shinikizo la damu.

Lililonitibu hasa lilikuja nilipopimwa damu. Madini ya chuma yalikuwa chini sana. Na mimi kila mlo nilikuwa nausindikiza na chai nzito, ambayo tanini zake, yaani vile vitu vinavyoipa ukakasi, huzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe! Yaani nilichokunywa ili nichangamke kilikuwa kinachangia kunichosha. Nilipewa vidonge vya chuma, chai nikaisogeza mbali na chakula, na ilichukua miezi, si siku, kabla sijaweza kumaliza sura nzima bila kurudi nyuma.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, omba akuangalie damu na tezi ya shingo, mweleze unalala saa ngapi, na kama umekuwa hivi tangu utotoni mwambie pia. Beba na kila mtishamba unaotumia, hata ule wa kwenye kikaratasi, auone.