Dubu mweusi akigonganisha meno, anasema nini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni Mkenya, naishi Minneapolis. Agosti iliyopita tulipiga kambi karibu na Ely, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, tukakutana na dubu mweusi na watoto wake wawili. Watoto walikwea mti. Mama akapiga ardhi kwa mguu wa mbele, akapuliza pumzi kwa nguvu na kugonganisha meno. Tulirudi nyuma taratibu. Je, alikuwa anajiandaa kutushambulia? Na mtu asiye mwanasayansi awasaidieje watafiti wa wanyama hawa?

JIBU: Ndugu yangu, poleni kwa mshtuko, na mlifanya vyema kurudi nyuma. Yule mama alikuwa na hofu kuliko ninyi. Kupuliza, kugonganisha meno na kupiga ardhi ni lugha ya dubu mweusi aliyebanwa: mmenisogelea mno, nipeni nafasi. Wakati mwingine hukurupuka hatua chache kuelekea kwa mtu kisha husimama ghafla. Hapo msikimbie, maana mbio zake hufika kilomita 48 kwa saa. Semeni kwa sauti ya upole huku mkirudi nyuma.

Ninayemhofia mimi ni dubu aliye kimya, anayemfuata mtu polepole huku amemkazia macho. Huyo simameni pamoja mbele yake, mpige kelele, na dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu iwe mkononi, si ndani ya begi. Akimkamata mtu, apigwe kwa chochote kilichopo. Kujilaza kama maiti hakufai kwa dubu mweusi. Mashambulizi ya namna hiyo ni nadra sana.

Sasa nikuulize mimi: mti waliokwea watoto ulikuwa wa aina gani? Maeneo yale mara nyingi ni msonobari mweupe, mkubwa, wenye gome lililopasukapasuka ambalo kucha za mtoto hushika vizuri. Asubuhi moja niliketi mbali na darubini nikitazama mti wa namna hiyo. Shinani nyasi zilikuwa zimelala pale mama alipopumzika, na gome lilikuwa na mikwaruzo midogo, mipya, bado inatoa utomvu. Mama alikuja, akanusa, akaguna mara moja kwa sauti ya chini, na watoto wakateremka kinyumenyume. Kama ningesogea mita 20 tu kutafuta picha nzuri, nisingeona lolote kati ya hayo. Kanuni ya hifadhi ya Yellowstone ni kukaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu, nami nakushauri uitumie popote ulipo.

Kuhusu kusaidia, anza na daftari. Andika papo hapo, kabla kumbukumbu haijapoa: tarehe, saa, mahali kwa usahihi wa simu yako, idadi ya watoto, alichokuwa anakula, na kama ana hereni za alama masikioni au kola yenye kifaa cha kurusha mawimbi ya redio shingoni. Rangi na nambari ya hereni zisomeke kwa darubini, si kwa kumkaribia. Angalia pia kinyesi: Agosti huwa kimejaa bluberi, na baadaye maganda ya matunda ya mwaloni. Usilidharau hilo. Mwaka matunda ya msituni yakikosekana, dubu husogea kwenye mapipa ya taka na mashamba, ndiyo maana Idara ya Maliasili ya Minnesota hukusanya kila mwaka taarifa za wingi wa vyakula hivyo.

Hata wawindaji huchangia. Mwaka 1991 idara hiyo ilianza kutundika mitini vyambo vyenye tetrasaiklini, dawa ambayo hujishika kwenye mfupa na meno. Wawindaji walipoleta jino na kipande cha ubavu, mfupa wa dubu aliyekula chambo uling'aa njano chini ya mwanga wa urujuanimno, na kwa uwiano wa walio na alama na wasio nayo idadi ya dubu wa jimbo zima ikakadiriwa. Jino lenyewe hukatwa vipande vyembamba, na pete zake huhesabiwa kama pete za mti ili kujua umri. Dubu jike ambaye watafiti wa idara hiyo walimpa nambari 56 alifungwa kola mwaka 1981 akiwa na miaka 7, akafuatiliwa hadi alipokufa kwa uzee mwaka 2013, akiwa na miaka 39.

Usimlishe dubu, hata kwa nia ya utafiti. Huko huko Ely mtafiti Lynn Rogers aliwazoesha dubu kwa chakula cha mkononi ili atembee nao, na alijifunza mengi. Lakini mwaka 2013 jimbo lilikataa kuhuisha kibali chake cha kuwafunga kola, likitaja usalama wa watu. Kwangu mimi, dubu aliyezoea mkono wa mtu mmoja atanyoosha pua kwa mkono wa jirani mwenye bunduki.

Mkirudi huko wakati wa theluji na kuona tundu chini ya mizizi lenye barafu nyembamba ya pumzi mlangoni, msichungulie wala msitangaze mahali hapo mtandaoni. Watoto huzaliwa Januari, kila mmoja na uzito wa takriban gramu 300 tu, na mama akikurupushwa anaweza kuwaacha. Ondokeni kwa kukanyaga nyayo zenu zilezile, kisha mpige simu kwa idara.