Muulize Mwalimu wa Picha: Megapikseli 100 mkononi

Tangu niliposema humu kwamba rafiki yangu mmoja ameniazima kamera yake, Hasselblad X2D 100C, barua zimemiminika. Nyingi zinauliza bei. Hizo sizijibu, waulizeni wauzaji, wao ndio wanaoijua na kuibadilisha. Nimechagua nne zinazouliza kuhusu picha.

*Shikamoo Mwalimu. Nina studio ndogo ya picha za watu, natumia fulu fremu ya megapikseli 45. Nimeangalia picha za hiyo X2D mtandaoni na kusema kweli sijaona tofauti na zangu. Macho yangu mabovu, au watu wanalipia jina? Na ukiishika ikoje?*
*Mwenye studio*

Marahaba, ndugu yangu. Macho yako mazima. Picha inayotoka kwenye kamera hiyo ina pikseli, yaani nukta za picha, 11,656 kwa 8,742, karibu milioni 102. Iliyokufikia kwenye simu imeshapunguzwa mara kadhaa, ikabanwa, ikapunguzwa tena. Ulichoangalia wewe ni makombo, na makombo ya kamera zote yanafanana.

Sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni milimita 43.8 kwa 32.9. Yako, ndiyo inayoitwa fulu fremu, ni 36 kwa 24. Kwa eneo, yake ni kubwa kama mara 1.7 hivi. Ni tofauti ya maana, ila usiikuze kupita kiasi. Sisi tuliopiga filamu ya 6×6 kwenye Hasselblad za mtindo wa 500C, ile iliyotoka mwaka 1957, picha yetu ilikuwa milimita 56 kwa 56. Sensa hii haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo wazee wenzangu wanaodhani midiamu fomati ya dijitali, yaani kamera zenye sensa kubwa kuliko fulu fremu kama hii, itawarudishia sura ile ile ya zamani, watulie kidogo.

Sasa tofauti iko wapi? Kwanza kwenye karatasi. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi bila kukuza chochote, unapata picha ya karibu sentimita 99 kwa 74. Mtu anaweza kuisogelea mpaka pua iguse kioo na bado akaona nyuzi za kitambaa. Pili kwenye kukata. Nilipiga mtu mzima, kiwiliwili chote, kisha nikakata kichwa na mabega tu, na bado nikawa na faili la kutosha jalada la gazeti.

Tatu, na hili ndilo lililonigusa, ni pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli. Nilimkalisha mzee mmoja kando ya dirisha akiwa na shati jeupe. Bega la upande wa dirisha lilikuwa karibu kuungua kwa mwanga, kwapa la upande wa pili giza tupu. Niliivuta picha kwenye kompyuta, nikalirudisha bega, nikalifungua giza, na mikunjo ya shati ikajitokeza mmoja mmoja, kutoka weupe hadi kijivu hadi weusi, bila ule mstari mchafu unaotokea rangi zinapokatika ghafla. Faili lake ghafi, lile ambalo halijahaririwa, linaweza kuhifadhiwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 kwa kila rangi, wakati kamera nyingi za fulu fremu huishia biti 14, ngazi 16,384. Wauzaji hupenda sana kuzitaja namba hizo. Mimi nadhani ukubwa wa sensa na ISO 64 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) ndivyo vinavyofanya kazi kubwa zaidi, lakini matokeo nimeyaona na siyabishii.

Kuna upande wa pili wa usafi huo. Nilipokuza jicho la binti mmoja hadi asilimia mia, niliona ukingo wa lenzi yake ya machoni, chembe za poda kwenye kope, na ndani ya mboni dirisha langu, pazia lake, na mimi mwenyewe nimeinama nyuma ya kamera. Mpambaji wako ajiandae. Na fokasi ikienda kwenye kope badala ya jicho, hapa huwezi kujidai kwamba haionekani.

Mkononi ni nzito kiasi, gramu 895 pamoja na betri, lenzi hujaweka. Mshikio wake umechimbwa vizuri, vidole vinajikunja vyenyewe na kupata mahali. Vitufe ni vichache. Gurudumu la kuchagua modi, lile tulilozoea juu ya kamera, halipo. Badala yake kuna kioo kidogo cha rangi kinachokuonyesha ulipo. Kioo cha nyuma kinainuka, na hiyo ni rehema kwa mgongo wa mtu wa umri wangu anayependa kupiga kwa usawa wa kiuno. Betri haina mlango. Unasukuma kijiti, inachomoza kidogo na kusimama hapo hapo. Lazima uisukume ndani kidogo tena ndipo ikuachie. Aliyebuni hilo bila shaka aliwahi kuangusha betri kwenye mawe. Ndani ya kamera mna diski ya terabaiti moja, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ni ya akiba tu.

Kisichonifurahisha ni namna ya kuhamisha fokasi. Hakuna kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, inabidi upapase kioo cha nyuma huku unachungulia. Mimi huchungulia kwa jicho la kushoto. Matokeo yake pua yangu na kidole changu gumba vilikuwa vikigombania kuchagua mahali pa fokasi, na mara nyingi pua ndiyo iliyoshinda.

Kwa studio yako jibu langu ni hili. Kama wateja wako wanachapa picha kubwa za ukutani, ikodi kwa kazi moja uione. Kama wanapeleka kila kitu kwenye simu, megapikseli 45 ulizonazo zinawatosha na kubaki.

*Mwalimu, mimi ni wa maharusi. Wenzangu wanasema raha ya kamera hii ni shata iliyo ndani ya lenzi. Ni kitu gani hicho, na kitanifaa nini mimi ninayepiga watu juani saa saba mchana?*
*Mpiga maharusi*

Binti yangu, wenzako wamekupa jambo la maana kuliko megapikseli zote nilizozitaja hapo juu. Ningekuwa na umri wako ningeinunua kamera hii kwa sababu hiyo peke yake.

Shata ni mlango wa mwanga. Kwenye kamera yako ya sasa ni mapazia mawili mbele ya sensa. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Kasi ikizidi 1/200 au 1/250 ya sekunde, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, kwa hiyo hakuna hata nukta moja ya wakati ambapo sensa yote iko wazi. Flashi ikiwaka hapo, sehemu ya picha inabaki giza. Kwenye lenzi za XCD za Hasselblad hakuna mapazia. Kuna vipande vyembamba katikati ya lenzi vinavyofunguka kutokea katikati na kufunga tena, na sensa yote hupata mwanga kwa pamoja. Ndiyo maana flashi inafanya kazi hadi 1/2000, na kwenye baadhi ya lenzi mpya hadi 1/4000.

Hebu tupige hesabu ya saa saba mchana. Jua kali, ISO 64. Kanuni ya zamani inasema f/16 kwa 1/64 hivi (f ni tundu la lenzi: namba ikipungua, tundu linapanuka na nyuma inafifia). Kwa mapazia yako unaishia 1/250, maana yake f/8, na kwa f/8 kila gari lililoegeshwa nyuma ya bibi harusi linaonekana hadi namba zake. Ukiwa na 1/2000 unashuka hadi f/2.8. Ukiifunga lenzi hadi f/4 na kuiacha kasi hapo hapo, anga linashuka stopu moja nzima, yaani mwanga wake unabaki nusu, linapata rangi yake ya samawati, kisha unamwangazia bibi harusi kwa taa yako. Sura inang'aa, anga limetulia, magari yamefifia. Ni kweli kamera yako nayo inaweza kurusha flashi kwa kasi kubwa kwa kuimwaga vipande vipande, lakini hapo nguvu ya taa inapungua vibaya na juani nguvu ndiyo unayoihitaji.

Jihadhari na jambo moja ambalo wenzako hawakukwambia. Taa nyingi zikiwa kwenye nguvu zote, mwako wake ni mrefu kuliko 1/2000. Shata inafunga taa ikiwa bado inawaka, na mkia wa mwanga unapotea. Ukipanda kutoka 1/500 hadi 1/2000 ukaona sura ya mtu inafifia pamoja na anga, usiilaumu kamera. Kwa taa ndogo nyingi za betri, ukipunguza nguvu mwako unakuwa mfupi, kwa hiyo taa mbili za nusu nguvu zinaweza kukufaa kuliko moja iliyokazwa hadi mwisho. Pima taa yako mwenyewe kabla ya siku ya kazi.

Tena si kila midiamu fomati ina raha hii. Fujifilm GFX100S na GFX100 II zina mapazia kama yako, na flashi yake ya kawaida inaishia 1/125. Zina mengine mazuri: GFX100 II inapiga hadi picha nane kwa sekunde, na video inachukua. X2D haina video kabisa. Na ukifunga lenzi ya zamani isiyo na shata kwenye X2D, unabaki na shata ya elektroniki, ambayo husoma sensa polepole, na flashi unaiweka mfukoni.

Sasa ukweli mchungu kwa mtu wa maharusi. X2D haifuatilii mtu anayetembea, inashika fokasi mara moja basi, na kasi yake ni picha 3.3 kwa sekunde. Kiimarishaji chake kinafika stopu saba, lakini hicho kinazuia mtikisiko wa mkono wako, hakimzuii bwana harusi kucheza. X2D II 100C ya mwaka 2025 imeongezewa fokasi ya kufuatilia, pamoja na kile kijiti nilichokililia. Kwa X2D ya kwanza, maharusi wakiingia ukumbini shika kamera yako ya siku zote. Hii itoe mnapokwenda kupiga zile picha za kusimama.

*Mwalimu, eti f/2.5 ya midiamu fomati inafifisha nyuma kuliko f/1.4 ya fulu fremu?*
*Mwanafunzi*

Hapana. Ili kulinganisha na fulu fremu, zidisha urefu wa lenzi na namba yake ya f kwa 0.79. Lenzi ya milimita 90 ya f/2.5 kwenye sensa hii inakupa upana wa picha na ufifiaji wa lenzi ya 71 ya f/2 kwenye fulu fremu. Lenzi yako ya 85 ya f/1.4 inaishinda kwa mbali. Aliyekwambia hivyo ama anauza, ama ameshanunua.

*Nimepata nafasi ya kukodi X2D kwa kazi ya kampuni. Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 8. Itaweza?*
*Mkodi*

Itaweza kufungua faili moja, wewe ukaenda kuoga ukarudi. Faili ghafi moja ni kama megabaiti 206. Ukiligeuza kuwa TIFF (aina ya faili la picha) ya biti 16 linafika megabaiti 600, na hapo hujaongeza hata tabaka moja la kuhariri. Picha mia tano ni gigabaiti mia moja, na kwa kuwa ni kazi ya mteja utaziweka mahali pawili, sawa?

Kwa kazi hii moja usinunue kompyuta. Azima yenye RAM ya 32 au zaidi na diski ya SSD yenye nafasi. Weka humo Phocus, programu ya Hasselblad wenyewe, ni ya bure, na ndiyo inayozitoa rangi za kamera hiyo zilivyokusudiwa. Chagua picha kwanza, futa zisizofaa, ndipo uhariri. Na mwulize mteja mapema picha zinakwenda wapi. Akisema ni za tovuti tu, piga kwa kamera yako na pesa ya kukodi ubaki nayo.